Kidonge cha Maji na Kura ya Ziwa

Jumanne moja ya Septemba 1968, saa tatu asubuhi, Mzee Kipyego alivuka barabara kutoka sokoni hadi dukani kwa Dahabo na akasimama njiani mara mbili kuvuta pumzi. Alipofika kwenye benchi lililo nje ya duka, viatu vyake havikuwa vimefungwa kamba. Miguu ilikuwa imevimba. Wenzake humwita Trekta, kwa sababu aliendesha trekta ya mzungu kule Soy miaka mingi. Mzungu ameuza, ameondoka. Sasa Trekta ni mwanachama wa kampuni ya wakulima iliyonunua shamba karibu na mji mdogo wa Ziwa, na Jumamosi hiyo kila mwanachama angeitwa jina, atoe karatasi kwenye kofia, ajue sehemu yake ya ardhi. Kwenye benchi walikuwapo Hassan, dereva wa lori, jina la kijiweni Gia, na Kabiru, mwanachama mwenzake Trekta, anayeitwa Redio kwa kuwa hazimiki. Dahabo alimimina kahawa. Mwezi wa sita daktari alimpa Trekta dawa ya moyo, akapata nafuu. Sasa nafuu imepotea, na benchi lilitaka kujua dawa imeingiwa na nini.

— Miguu hiyo si ya moyo, alisema Gia. Moyo uko huku juu, miguu iko kule chini. Vitakutana wapi?

— Unaendesha lori na hujui dizeli hushuka? alisema Redio. Dawa imeshuka. Imejaa miguuni. Krismasi itafika magotini.

— Lakini mwanzo ilimsaidia.

— Mwanzo ilikuwa haijajaa.

— Mnaniongelea kama niko Nakuru, alisema Trekta.

— Tulia, Mzee. Tunakutibu.

Gia alipuliza kahawa yake.

— Mimi naona ni injini kukaa. Moyo ulizoea kutingishwa na trekta kutoka asubuhi mpaka jioni. Sasa umewekwa kwenye benchi, unashika kutu. Nimpakie kwenye lori, nimpitishe ile njia mbaya ya Chepsaita, utalegea.

— Utalegea ukatike, alisema Dahabo.

— Nyinyi mnacheza, alisema Redio. Hiyo dawa ilitengenezwa na nani? Uingereza. Kidonge kilipakiwa kule kikijua kinakuja koloni. Kimefika, kimekuta bendera nyingine. Sasa kinauliza bosi ni nani.

— Kidonge kinauliza?

— Ndiyo maana kilifanya kazi miezi ya kwanza. Kilikuwa hakijapata habari.

— Na dawa ya malaria ya watoto wangu? alisema Dahabo. Ilitoka huko huko na wamepona.

— Hiyo ni kwinini, Mama. Kwinini haina siasa.

— Basi huyu apewe kidonge cha Kenya, alisema Gia.

— Hakijatengenezwa. Tunangoja wizara.

Wakati huo mwanamke mwenye kikapu cha kuku aliomba nafasi aketi. Alisema anaitwa Nanzala, anangoja basi ya kwenda Turbo. Alipewa kahawa, akasikiliza mpaka kikombe kikafika nusu.

— Na huyu mzee anameza?

Redio alimgeukia Gia. Gia aliangalia lori lake. Dahabo aliweka birika chini. Walikuwa wameongea asubuhi nzima na hakuna aliyekuwa ameuliza hilo.

— Mzee, unameza? alisema Nanzala.

— Siku za mkutano wa kampuni simezi.

— Mikutano ni lini?

— Mwezi huu, kila siku.

— Kwa nini?

Trekta alisogea kidogo kutoka kwa wanaume, kana kwamba hawatasikia.

— Viko viwili, Mama. Kimoja cha moyo, kingine wanaita cha maji. Hicho cha maji ukimeza, unaenda choo, unarudi, hujakaa vizuri, unaenda tena. Kule Chepsaita kulikuwa na kura kama hii yetu. Mtu mmoja alienda nyuma ya ghala, kidogo tu. Jina likasomwa. Kurudi, akaambiwa amekuwa wa mwisho. Amepata kinamasi. Analima vyura.

— Na kile cha moyo?

— Vinakaa pamoja. Nikiacha hiki, na hicho nasahau. Nilisema kura ya Jumamosi ikipita nitaanza tena.

— Usiku unalala?

— Nakaa. Nikilala, pumzi inakataa.

Gia alimgeukia.

— Mimi nilidhani unakohoa tu, alisema Gia.

— Mzee, alisema Nanzala, Jumamosi ni mbali kwa mtu anayelala amekaa. Hawa rafiki zako, siku hiyo watakuwa wapi?

— Redio atakuwa mkutanoni, yeye ni mwanachama. Gia ndiye anatubeba.

— Sasa jina lako likisomwa, hakuna kati yao anayejua kusema "yuko"?

Basi ya Turbo ilipiga honi, Nanzala akachukua kuku wake, akaenda.

— Mimi naweza kuongea mkutanoni mpaka Mzee arudi, alisema Redio baadaye.

— Hilo tunalijua, alisema Gia.

Jumatano Gia alimpeleka Trekta hospitali kwa lori, taratibu, bila kupitia Chepsaita. Daktari alimpima, akamwambia ameze vyote viwili kila asubuhi, mkutano uwepo usiwepo, na arudi kabla havijaisha.

Jumamosi, kule Ziwa, jina la Kipyego lilisomwa akiwa nyuma ya ghala. Redio alisimama, akasema yuko, anakuja. Kisha akamwuliza mwenyekiti mpaka wa upande wa mto unaanzia wapi. Mwenyekiti akajibu. Redio akauliza itakuwaje mto ukihama. Watu wakamwambia akae. Hakukaa. Gia, ambaye si mwanachama, alienda kwenye lori akapiga honi, na Trekta akatokea akifunga mkanda. Aliitika jina lake, akatia mkono kwenye kofia. Sehemu yake ina mawe upande mmoja, na inapakana na barabara.

Redio anasema mkutano mzima ulimpigia yeye makofi. Gia hakuyasikia.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Trekta alivuka barabara na kusimama mara moja. Dahabo alimpa maji kabla ya kahawa. Alimeza vidonge vyote viwili mbele ya Redio na Gia. Kisha akaomba njia, akaenda nyuma ya duka.