Jino la Dhahabu Kutoka Kama

Katikati ya Lualaba, ndani ya mtumbwi wa mota wa kwenda Alunguli, Mama Faila alitazamana na kijana mmoja mchimba dhahabu wa machimbo ya Kama, shavu limevimba kama andazi. Kijana alipocheka, jino lake la dhahabu liling'aa hadi nyuma kwa nahodha. Harufu ya fizi nayo ilifika huko huko.

"Unaisafishaka hiyo jino, mwana yangu?" Mama Faila aliuliza kwa upole, maana mtu ana adabu zake.

"Kila asubui, mama! Na brosi, na dawa ya meno."

"Na ile meno ingine?"

"Ile ingine njo meno tu."

"Kumbe! Sisi wakati ya vita tulikimbia mu pori, chumvi hakuna, sabuni hakuna. Tulisugua na kijiti na makaa, yote, mpaka magego. Hatukujuaka kama moja inatosha."

"Mama, ile ilikuwa vita. Sasa iko maendeleo."

"Naiona. Imejaa mu shavu."

Mtumbwi ukagonga ukingo. Kijana aliinama, akasukutua kwa maji ya mto, akatema damu. Kisha akatoa kitambaa safi mfukoni, akafuta jino la dhahabu peke yake, taratibu, akashuka.