Maumivu ya Sadiyo Niliyoyaita Uvivu

Sogeeni, wanangu. Abshir, kaa nikuone, na wewe Ayan achana na sufuria, chai haitanikimbia. Homa hii iliyokuja na mafuriko ndiyo itakayonimaliza. Mguu haujaniua, ila kwa miaka minne umeninyima kila kitu kingine. Nikipiga chafya, moto unashuka kutoka kiunoni, unapita nyuma ya paja hadi kidole cha mwisho. Paji langu halijagusa msala tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Chooni napelekwa kwa kushikwa, mimi Habibo niliyekuwa nikipakia nyumba nzima juu ya ngamia peke yangu! Nimechomwa moto kiunoni mara saba ili nipone. Makovu, Ayan, utayaona ukinikosha.

Sasa sikilizeni lililo zito. Kabla hamjapata akili, baba yenu alikuwa na mke mwingine, Sadiyo. Akichuchumaa kukamua mbuzi alikuwa akilia, lakini akiwafuata malishoni anatembea vizuri. Nikasema, ala! Mgonjwa gani huyu, matembezi yanamponya na kazi inamuuguza? Nikamwambia baba yenu kwamba Sadiyo ni mvivu, nikaapa kwa Mungu. Akamwacha. Sadiyo akaondoka kwenda kwao Wajir akichechemea, na mimi nikacheka. Wallahi, nilicheka.

Mguu wangu ulipoanza, daktari pale Garissa alinieleza kwamba mguu wenyewe hauna ugonjwa, ni mshipa wa fahamu unaobanwa mgongoni, ndiyo maana nikiketi unaniua na nikitembea napata nafuu. Nikabaki kuutazama mguu. Akadhani sijaelewa Kiswahili chake, akarudia, na kila aliporudia nilimwona Sadiyo na ndoo yake ya maziwa.

Haki ya mja, Mola haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Ndiyo maana nilikutuma Wajir, Abshir, ukaniombee radhi. Mara mbili ulirudishwa na barabara iliyokatwa na maji, ya tatu ulifika, na jana ukarudi ukaniambia alizikwa mwezi uliopita. Basi. Majuto ni mjukuu, na wangu amenikuta kitandani. Nitamwomba nani sasa? Niambieni, nani?

Ngamia wangu mweupe, yule anayekamuliwa, mpelekeeni binti wa Sadiyo, Ugbad. Msimwambie ni malipo. Mwambieni nililofanya, lote, hata kicheko. Mbuzi waliobaki mgawane kwa sharia, na asiinue mtu sauti... Nipeni maji. Taratibu.

Ayan. Tangu asubuhi umekalia upande mmoja. Juzi ulipoinua mtungi nilikuona ukishika ukuta, ukauma kanga. Umenificha kwa sababu unaujua ulimi wangu, na mimi sina dawa ya kukupa, mwanangu, sina kitu. Abshir, mkimaliza kunizika mpeleke hospitali. Akisema anaumwa, mwamini. Na mkeo pia, na mtumishi, yeyote... mwaminini.

Mungu awape afya, awafunike kwa rehema... awaepushe na... Pumzi haifiki. Usilie. Simama, Ayan. Simama tu, mama, utanisikia hivyo hivyo. Ukisimama maumivu yanapungua.