Kuku wa Wodi Namba Mbili

Miaka thelathini na mmoja kazini si mchezo. Mama Dominika, muuguzi mkunga wa kituo chetu cha afya, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 1999, na wengi wetu bado tunajifanya hatujasikia.

Alianza mwaka 1968, binti wa Kifipa kutoka Mollo, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa wenye mikono michafu. Ukali huo upo hadi leo. Hata mganga mfawidhi hunawa mara mbili akimwona.

Mwaka 1989 Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia upande wa Muze, alimleta bintiye Kabula, mguu umevunjika na kidonda kimeanza kuoza. Baada ya siku chache akataka kumrudisha nyumbani kwa Mzee Bundala, fundi wa kuunga mifupa. Bila sindano, mguu ule ungekatwa. Mama Dominika hakubishana naye. Alimfuata Bundala mwenyewe, akampa shikamoo, akamwomba aje wodini: yeye asafishe kidonda, mzee afunge mabanzi.

Bundala alikuja na kuku. Kwa desturi yake, kuku huvunjwa mguu na kufungwa kama mgonjwa. Siku akitembea, mgonjwa naye hufunguliwa. Basi kuku akalazwa chini ya kitanda cha Kabula, na Mama Dominika akawa anamfagilia kila asubuhi.

Wakaja wageni kutoka wilayani. Mpishi wetu Flavian, kumwona kuku wodini, akadhani ni zawadi ya mgonjwa. Wageni waliusifu sana mchuzi.

Shija aliona ni ishara kwamba mwanawe hatatembea tena, akaanza kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Mama Dominika alikimbia kwake, akarudi na tetea wake anayetaga kuliko wote, akamsihi Bundala aanze upya. Alilia mbele yetu sote, na hakuwa akimlilia kuku. Bundala alimpokea yule tetea, akamwamuru Shija afungue ng'ombe.

Kabula alitoka akitembea. Siku hizi maduka ya dawa ya watu binafsi yamejaa mjini, lakini Bundala bado anatuletea wagonjwa wenye vidonda, nasi tunamwita kwenye mifupa.

Kabula ana watoto wawili, wote wamepokelewa na Mama Dominika. Wa tatu anatarajiwa Agosti. Juzi alikuja kliniki kwa miguu, akauliza huyu atapokelewa na nani.

Mama Dominika, asante sana, tunakupenda. Pumzika, lima ulezi wako, uishi miaka mingi yenye afya na furaha. Ila Agosti usisafiri.