Barua Pepe Asiyoisoma Mtu

Gari la Bububu liliondoka Darajani viti nusu vikiwa vitupu, kwa hiyo Tahiya alisikia kila neno. Mbele yake, binti mmoja alimgeukia kijana asiyemjua, aliyepakata kompyuta.

"Samahani, kaka. Nnataka barua pepe asiyoweza kuisoma mtu."

"Zipo, dada. Ujumbe unafumbwa, hata wenye kampuni hawausomi. Unamficha nani?"

"Ami yangu Salem, wa duka la vitambaa pale Mtoni. Hii ya sasa kanifungulia yeye, na neno la siri analo yeye. Nshaomba kazi ya uuguzi Maskati, nangoja jibu. Yeye anataka niolewe mwezi wa Mfunguo Pili."

Kondakta, ambaye tangu Darajani hakuwa amefunga mdomo, sasa alikuwa ametega sikio. Tahiya alitamani kumgusa binti bega amwambie ashushe sauti, lakini haya ilimshika mkono.

"Basi chagua isiyodai namba ya simu," kijana akasema. "Na neno la siri usimtajie mtu."

"Mimi siri zangu hazitoki, kaka. Nshalichagua: Sichana, jina la marehemu bibi, na hamsini na mbili."

Kijana akafumba macho kidogo.

Gari liliposimama Mtoni, binti akishuka alimwamkia bi kizee wa kiti cha mlangoni, kama alivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akujaalie hiyo Maskati," bi kizee akamjibu, kwa huruma ya kweli. "Nisalimie Salem. Mwambie kesho ntapita dukani, tuzungumze."