Mama Wino na Neno la Mlangoni

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupakwa wino hadi kwenye nyusi, msimamizi wetu wa chumba cha mashine anastaafu. Kwenye faili la utumishi ana jina refu la heshima, lakini hapa kiwandani hata mkurugenzi humwita Mama Wino.

Alianza kwa kufagia vipande vya karatasi, akapanda hadi kuendesha mashine, kisha kutuendesha sisi. Ndiye aliyechapa vitabu vya shule maji ya mafuriko yakiwa yamefika mlangoni. Ndiye pia aliyewahi kuchapa kadi za harusi zenye jina la bwana harusi wa watu wengine. Alizichapa upya kabla ya chakula cha mchana, na hadi leo maharusi wale hawana habari.

Lakini hayo yote yanafunikwa na neno moja la Kichina.

Binti yake ameolewa China, na mjukuu wake wa pekee, mwenye miaka minne, alikuwa anajua Kichina tu. Kila mara Bibi alipopiga simu ya video, mtoto alijificha nyuma ya pazia. Jambo hilo lilimuuma Mama Wino kuliko alivyokubali kusema. Basi fundi Mchina alipokuja kutufungia mashine mpya, alimbana hadi akakubali kumfundisha. Neno alilolipenda kuliko yote ni qidai, linalotamkwa “chidai”, yaani kungojea kwa hamu jambo lijalo.

Akalitumia kama chumvi. Asubuhi moja tulikuta tangazo mlangoni kwa herufi kubwa nyekundu: Qidai! Kesho umeme utakatika, Jumatano wakaguzi wanakuja, Alhamisi Mama Wino anang’olewa jino. Fundi alicheka hadi akakalia rimu za karatasi safi. Alipopata pumzi, alieleza kwamba neno hilo si la kila kinachokuja. Ni la kile ambacho moyo umetangulia kukifikia.

Tangu hapo tuna desturi yetu. Kila asubuhi mambo ya siku yanasomwa, na sisi tunaitikia. Chai ya saa nne? Qidai! Kikao cha idara? Kimya, kama maji mtungini.

Ila tarehe yake ya kustaafu ilipobandikwa mlangoni, na sisi watundu tukaitikia qidai, alitukata jicho. Alisema hilo moyo wake bado haujalifikia. Nyumbani hakuna mtu, alisema, wala hata mashine ya kugombana nayo. Siku hiyo utani ulitushinda.

Hata hivyo hakuacha kupiga simu, na kwa Kichina chake cha kukwaruza alimwambia mjukuu kwamba anangojea kwa hamu kumwona. Pazia likaanza kutikisika. Baadaye jicho moja likachungulia. Wiki iliyopita, tukiwa kazini, simu yake ikaita: alikuwa mtoto mwenyewe. Bila kusukumwa na mama yake, alisema anamqidai Bibi, na neno “Bibi” alilitamka kwa Kiswahili safi. Maana wanakuja Jumamosi, yeye na mama yake, kukaa miezi mitatu! Mama Wino alipiga kigelegele hadi mashine zikazimwa, watu wakidhani kuna ajali.

Jumatatu asubuhi, chini ya tarehe ile mlangoni, palikuwa na neno moja kwa herufi kubwa nyekundu. Hatukuuliza nani ameliandika. Vidole vya Mama Wino vilikuwa vyekundu.

Asante, Mama Wino, kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Furahia kila siku inayokuja, mama yetu. Ila Jumamosi, ukifika uwanja wa ndege, nawa mikono kwanza ndipo umkumbatie mtoto.