Dada Aliyeshuku Habari Njema

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake wa mwisho nimepewa jukumu la kuwasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Rudia.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akaendelea na sekondari, na tarehe 30 Novemba 1983 akahitimu chuo cha maabara. Mwaka uliofuata aliajiriwa hospitalini, na huko ndiko alikopewa jina hilo, kwa sababu kipimo kisichomwingia akilini alikirudisha mezani, awe amekifanya yeye au mkubwa wake. Tarehe 6 Agosti 1988 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme, baada ya kumchunguza miaka mitatu, wakajaliwa mabinti wawili.

Jumatatu ya tarehe 9 Juni 2014, majibu ya kipimo cha wingi wa virusi cha watu arobaini na mmoja wanaoishi na virusi vya UKIMWI yalitoka yote safi, yaani hakuna virusi vilivyoonekana, wenzake wakapongezana, yeye akayasoma upya. Virusi hivi hubeba maelezo yake ya urithi katika RNA, vikiingia kwenye chembe zetu huyageuza kuwa DNA na kujificha humo kama wenyeji, na mashine ya maabara nayo husoma DNA tu, kwa hiyo lazima kiwepo kimeng'enya cha kuigeuza RNA kwanza, nacho kikipata joto huharibika, mashine ikaona patupu hata kama virusi vimejaa. Dada alifungua friji, ilikuwa baridi, lakini maboksi ya vitendanishi, kile kimeng'enya kikiwemo, yalikuwa na alama za maji ya barafu iliyoyeyuka. Alichukua sampuli ya mgonjwa ambaye Ijumaa alikutwa na virusi vingi, akaipima, nayo ikatoka safi. Mkuu wa maabara alimwambia ana roho mbaya, aache kuwanyima watu furaha, lakini dada akakataa kusaini.

Miongoni mwa wale arobaini na mmoja nilikuwemo mimi. Karani wa maabara alikuwa ameshaninong'oneza majibu, nikamfuata dada jikoni kwake nimefura, nikamuuliza, "Mimi nikiwa mzima, wewe unaumia nini?"

Aliendelea kumenya viazi. "Sijasema u mgonjwa, mdogo wangu. Nasema hujapimwa."

Vitendanishi vipya vilifika Alhamisi, tukapimwa upya, kumi na sita wakakutwa na virusi, mimi nikiwa navyo tele, kumbe dawa zilikuwa zimeacha kunifaa, nikabadilishiwa wiki hiyohiyo. Aliyechomoa waya wa friji mwisho wa wiki ile, kisha akaurudisha, hajajulikana hadi leo, na dada hakumtaja mtu, ila tangu siku hiyo alikagua soketi kabla ya kumsalimia yeyote.

Alistaafu mwaka 2016. Tarehe 3 Februari mwaka huu aligundulika na saratani ya kongosho, akahama hospitali mbili asiamini, na daktari wa tatu aliposema yaleyale, dada alimshika mkono, akasema, "Sasa nimeridhika." Alifariki tarehe 21 Mei, saa nne asubuhi, akiwa nyumbani, ameacha mume, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Tunawashukuru madaktari waliovumilia maswali yake, majirani waliompikia uji, na wafanyakazi wenzake, hata wale waliomwona msumbufu.

Dada, nimesimama hapa kwa miguu yangu kwa sababu ulikataa kunifurahisha. Pumzika sasa, amani iwe nawe.