Kimya cha Erastus Khayumbi

Wafiwa, majirani na wageni wote mliofika hapa Shinyalu leo, familia inawasomea maisha ya Erastus Khayumbi Lumbasi, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1965 katika boma hili hili, mtoto wa nne wa marehemu Philip Lumbasi na mama Phoebe, ambaye tunaye hapa mbele, na ambaye tangu juzi anauliza kwa nini kijana wake amelala sana.

Alisoma shule ya msingi hapa nyumbani na sekondari mjini Kakamega, akamaliza mwaka 1984, na tarehe 4 Januari 1988 akaajiriwa katika ofisi ya hali ya hewa, ambako alipima mvua hadi alipostaafu Mei mwaka huu. Mwaka 2003 aliandika, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, programu aliyoipa jina la mto wetu, Isiukhu, ya kukusanya vipimo vya mvua na kutuma onyo kwa simu mto unapojaa, akaiacha wazi ili yeyote aitumie na kuirekebisha bure, na leo inategemewa na watu wa nchi nyingi ambao hawataiona Shinyalu kamwe.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na Risper Nafula wa Matete, wakajaliwa Awinja mwaka 1996 na Sydney mwaka 2000. Awinja ndiye aliyeishika kazi ya babake, na ndiye aliyebishana naye, kwa kuwa alitaka Isiukhu iandikwe upya kwa lugha mpya ya Rust, inayozuia mapema makosa ya kumbukumbu ya mashine, makosa yale yale yaliyozima vituo kadhaa vya kupimia mvua masika ya mwaka jana huku mto ukipanda. Erastus alikiri kwamba makosa hayo yalikuwa ya mkono wake, ila aliuliza nani atabaki na vile vituo vikuukuu ambavyo lugha mpya haivifikii, na wale waliojitolea miaka ishirini wakijua C tu, na mara mbili akalipinga pendekezo la binti yake.

Sheria ya mradi aliitunga mwenyewe, kwamba pendekezo likikaa mwezi mmoja bila kupingwa limekubaliwa, na desturi yake ilikuwa kusoma kila neno, kisha kujibu siku ya mwisho. Awinja alileta pendekezo la tatu tarehe 1 Septemba, na jioni ya tarehe 10, wakila obusuma, ugali wetu, babake alimuuliza kama lugha yake hiyo itaingia katika kile kimashine cha kupimia mvua nyuma ya jikoni, binti akamtania kuwa mzee anatafuta sababu tu, naye akacheka, akasema tutaona.

Kesho yake kiharusi kilimpata, kikaondoka na sauti yake. Wodini Awinja alimsomea pendekezo lote, akamwomba amfinye mkono kama anakubali, naye akaufinya, lakini aliufinya pia muuguzi alipouliza kama anasikia baridi, na Risper alipouliza kama anamjua. Tarehe 1 Oktoba mwezi ulitimia, pendekezo likajiandika kuwa limekubaliwa, na tarehe 6, alfajiri, Erastus akatutoka.

Tangu siku hiyo Awinja husimama nyuma ya jikoni, na kile kimashine bado hutuma kipimo kila asubuhi kwa jina la babake, hata leo kaburi likichimbwa. Jana alilifungua tena pendekezo lake, akaweka chini yake yale maswali mawili ya babake, la vituo vikuukuu na la waliojitolea, bila kuyapunguza makali, na wenzake wamekubali kuyajibu baada ya siku ya kunyoa, wafiwa wanaponyolewa nywele kumaliza matanga.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba viti na kuni, wenzake wa ofisini, na wale wa mbali wanaotufuata kwa simu.

Pumzika, baba Awinja, nyamaza kwa amani, kimya chako hakuna atakayekihesabu kuwa jibu.